Bwana Afya na Vijidudu vya Shemeji

Halmashauri ya mji imetamka, katika kifungu cha kumi na saba cha sheria ndogo za usafi, kwamba kinyesi cha binadamu ni adui wa afya ya umma. Kwamba hakitahamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa chombo, kwa mkono, kwa maji, kwa chakula wala kwa njia nyingine yoyote ile. Na kwamba atakayekwenda kinyume na kifungu hiki atachukuliwa hatua kali bila kujali cheo chake. Tamko hilo limebandikwa kwenye milango ya migahawa yote, sokoni, mashuleni, hospitalini, na kwenye ukuta wa nje wa choo cha halmashauri yenyewe, ambacho kwa miaka kadhaa sasa hakina mlango wa kubandikia.

Walioliona tamko hilo ni wengi, waliolisoma ni wachache, na aliyeliamini neno kwa neno alikuwa mmoja tu: yule aliyeliandika.

Huyo alikuwa bwana afya wa mji. Mtu mwembamba, suruali ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, mfukoni tochi mchana kweupe kwa ajili ya kumulika chini ya masinki. Mkononi alibeba mkoba, na ndani ya mkoba, pamoja na karatasi za halmashauri, kulikuwa na chupa ya klorini isiyokosekana. Watu walimwita Klorini, lakini akishapita. Harufu yake ilimtangulia kiasi kwamba wauza chakula waliwahi kufunika masufuria kabla hajakunja kona, na yeye akifika akikuta kila kitu kimefunikwa, aliandika kwamba elimu ya afya imeingia.

Nyumbani ilikuwa imeingia kweli. Kanuni kuu ya nyumba ile ilikuwa moja: chombo chochote kilichoguswa na haja kubwa, kiwe poti la mtoto au beseni la mgonjwa, hutiwa vifuniko viwili vya klorini kabla hakijabebwa hatua moja. Watoto wao walijua kusema "vifuniko viwili" kabla hawajajua kusema shikamoo. Mkewe, mwalimu wa shule ya chekechea, mwanamke mpole mwenye macho ya kucheka, alikuwa akisema ameolewa na watu wawili, mume na chupa, na kwamba chupa ndiyo iliyomtolea posa.

Mwalimu huyo alikuwa na kaka yake. Kaka mtu alikuwa na mgahawa nyuma ya posta, na alikuwa mpishi wa mgahawa huo, mhudumu wake, na mteja wake mkubwa. Miaka ya nyuma bwana afya aliingia humo na tochi yake, akakuta choo hakina kifuniko na kuku amelala juu ya gunia la mchele, akaufunga mgahawa. Watu wengine wangemwambia shemeji yao pembeni. Yeye alibandika karatasi mlangoni, na kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kuandika, hakuishia kwenye kuku. Aliandika: *Hakuna kinachotoka katika nyumba hii kinachofaa kuingia tumboni mwa binadamu.*

Shemeji alinunua kifuniko cha choo, akamhamisha kuku, akaruhusiwa kufungua. Ile karatasi hakuitupa. Aliitia kwenye fremu ya kioo akaitundika juu ya kaunta, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Wateja wakaongezeka. Tangu hapo mashemeji hao wawili walizungumza misibani tu, na huko nako walizungumzia marehemu.

Ugonjwa ulianza na jino. Daktari wa meno aling'oa, akampa antibayotiki kali za kukausha usaha, na bwana afya, ambaye hajawahi kuacha dozi katikati, alimeza hadi kidonge cha mwisho kwa uaminifu wa mtu anayekula kiapo. Jino likapona. Tumbo likaanza.

Mwanzoni alilishuku bomba, baadaye maziwa, na kwa siku chache alimshuku mkewe. Ilikuwa ni kuharisha kusikojua mchana wala usiku, na homa, na maumivu ya kumkunja kama karatasi. Hospitali wakampa dawa, akapona, akarudi kazini, ikarudi. Wakampa nyingine, ikatulia, ikarudi. Wenye migahawa waligundua kwamba bwana afya sasa anakagua vyoo kwa muda mrefu kuliko zamani, tena anatoka bila kuandika chochote, na wakaanza kuamini kwamba uzee umemlainisha. Mkunjo wa suruali ulibaki palepale ila mwenyewe aliendelea kupungua ndani yake, hadi mkewe akawa anatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari wa moto, wiki baada ya wiki, huku akisema ni mtindo.

Ilipomrudia mara ya tatu walimpeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa matumbo. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa raba, mwenye tabia ya kuchora anapoongea.

"Mzee," alisema, akichora kitu mfano wa bomba lenye kona nyingi, "tumbo lako limebaki tupu."

"Tupu si ndiyo safi?"

"Ndiyo shida yenyewe. Ndani ya utumbo mkubwa wa mtu mzima wanaishi vijidudu wengi, na wengi wao ni majirani wema. Wanakula mabaki ya chakula chako, na kwa kuwa wamejaa, mhuni hapati pa kukaa. Zile dawa za jino ziliua wadudu wa jino pamoja na mtaa mzima. Akabaki mhuni mmoja, bakteria mkorofi anayejua kujifunika ganda gumu dawa zikipita. Zikiisha, anafumbua macho, anakuta mtaa mzima ni wake."

"Basi tumwue."

"Tumeshamwua mara tatu."

Bwana afya, maisha yake yote, hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu kisichotibika kwa kuuliwa.

"Tunachotaka kufanya," daktari aliendelea, sasa bila kuchora, "ni kurudisha majirani. Tunachukua kinyesi cha mtu mzima mwenye afya, tunakichanganya na maji ya chumvi, tunakichuja, tunakuingizia kwa mpira wenye kamera. Wakishika, mhuni anakosa nafasi."

Feni ya darini ilizunguka kwa kulalamika. Mkewe alitazama raba za daktari kwa makini sana, kama anayetaka kuzinunua.

"Kifungu cha kumi na saba…" alianza bwana afya.

"Nakijua, mzee. Kimebandikwa chooni kwetu." Kisha akaacha utani. "Nakuambia kama ambavyo ningemwambia baba yangu. Umekauka. Figo zako zinalalamika. Ikirudi tena baada ya hapa, sina hakika kama zitasubiri tutafute njia nyingine."

Walipofika mlangoni kwao, mke alisema, "Mimi nimekubali," na mume akasema, "Kinachoingia si kwako," na mke akasema, "Wewe ukienda, kinachobaki ni kwangu."

Kumpata mtoaji ilikuwa kazi. Daktari alitaka mtu asiye na ugonjwa, asiye na minyoo, ambaye hajagusa antibayotiki kwa miezi. Mke mwenyewe alikuwa ametoka kumeza za koo. Kijana wao mkubwa alipimwa akakutwa na minyoo, habari iliyomuuma baba mtu kuliko ugonjwa wake. Binti alikuwa mjamzito. Mhasibu wa halmashauri, aliyekuwa akisema kila siku kwamba kwa bwana afya yuko tayari kutoa figo, aliposikia kinachotakiwa alikumbuka safari.

"Amebaki kaka," alisema mke.

"Mtu wa kuku juu ya mchele?"

"Hajawahi kuumwa maisha yake. Hamezi hata cha kichwa, anasema vidonge vinaharibu ladha ya chakula. Analala kama gogo, anakula kama moto."

Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa maskini. Ni wazi hawakuwahi kuwa na ugonjwa huu.

Bwana afya alikwenda mwenyewe. Alivaa suruali yake ya kazi, akauacha mkoba nyumbani, na akapanga safari kwa kuruka kutoka choo hadi choo, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mgahawani kulikuwa na wateja wa asubuhi. Walipomwona, mmoja alitoa viwiko mezani, mwingine alikwenda kunawa mikono.

"Shemeji!" alisema mpishi kutoka nyuma ya kaunta, mikono yote hewani kama aliyekamatwa. "Kuku nilishamla. Kifuniko kipo. Kibali kipo ukutani, cha mwaka huu."

"Sikuja kukagua, shemeji."

"Basi umekuja kula! Leo ni siku ya historia. Jamani, mashahidi mpo?"

"Shemeji, naomba tuongee pembeni."

Shemeji alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza: shingo, mkanda, macho yaliyozama. Mzaha ukamtoka usoni. Alifuta mikono, akamwongoza hadi kwenye stoo, akamkalisha juu ya gunia la mchele, gunia ambalo pengine lilikuwa lilelile. Bwana afya akaeleza. Alieleza kwa lugha ya halmashauri, maana ndiyo aliyokuwa nayo: sampuli, mtoaji, mpokeaji, utaratibu. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kuelekea kaunta, kule fremu ilikotundikwa.

"Hebu nisaidie kukumbuka. Pale umeandika nini?"

Bwana afya aliangalia sakafu. "Unajua nilichoandika."

"Nataka nikisikie kwa mdomo wa mwandishi."

"Hakuna kinachotoka katika nyumba hii," alisema bwana afya kwa sauti ya chini, "kinachofaa kuingia tumboni mwa binadamu."

"Enhe." Shemeji alifurahia, kama mtu anayeacha asali iyeyuke ulimini. Kisha akaanza kucheka, na alipocheka gunia nalo lilitikisika. "Shemeji, mimi kwa hili nitatoa bure. Tena nitatoa kwa moyo wote. Ila ukipona, utakuja hapa, ukae meza ya mbele, dirishani, watu wakuone, ule."

"Nikipona."

"Utapona. Mali yangu ni nzuri."

Walimpima shemeji damu, wakampima kinyesi, wakamuuliza maswali mengi ya aibu ambayo aliyajibu kwa sauti kubwa na mifano. Majibu yakatoka hayana doa. Bwana afya aliomba vipimo virudiwe. Vikarudiwa. Majibu yakawa yaleyale.

Siku ilipofika, mpango ulikuwa rahisi kiasi cha kutokuhitaji akili. Bwana afya alikuwa ameacha dawa kama alivyoagizwa na amekunywa maji ya kusafisha utumbo hadi ukabaki kama bomba jipya. Shemeji angekuja asubuhi nyumbani kwa dada yake, maana choo cha mgahawa kinatumiwa na kila mtu. Angefanya mambo yake kwenye kopo maalumu la hospitali. Wote wangeingia kwenye teksi.

Shemeji alikuja akipiga mluzi, akaingia bafuni, akatoka akipiga mluzi, akaenda jikoni kumsalimia dada yake na kuonja kilichopo. Kopo aliliacha juu ya kigae, halijafungwa. Na bwana afya, aliyekuwa dhaifu, anatembea kwa kushika ukuta, akaingia humo kwa shida yake ya kila mara. Akaona chombo. Akaona kilichomo. Kichwa chake kilikuwa mbali, kikiwaza mpira na kamera. Mkono ulikuwa kazini. Ulifungua kabati, ukashika chupa, ukapima kifuniko cha kwanza, ukamimina, ukapima cha pili, ukamimina, ukafunga kopo kwa nguvu na kulitikisa kidogo ili dawa ifike kote, kama inavyotakiwa. Kisha ukanawa.

Hospitalini, fundi wa maabara alipokea kopo, akalifungua, akarudisha kichwa nyuma.

"Samahani," alisema kwa adabu, "mbona linanukia bwawa la kuogelea?"

Daktari alinusa. Mke alinusa, na hakuhitaji kunusa mara mbili; harufu ile alilala nayo miaka yote. Aligeuka polepole kumtazama mumewe aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Bwana afya aliangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyepanda naye teksi.

"Vingapi?" aliuliza mke.

"Viwili."

"Kazi nzuri, mzee," alisema daktari. "Hapa hakuna kilichobaki hai."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ileile. Dawa zimeachwa, mhuni yuko macho. Chumba cha mpira ni chao hadi alasiri, baada ya hapo mashine inakwenda hospitali nyingine na kurudi haijulikani lini. Mgonjwa hana nguvu ya kuanza upya. Na shemeji alikuwa ameshateremka njiani, mgahawani, kuwahi wateja wa asubuhi.

Mke alipiga simu, akaweka sauti ya wazi ili daktari asikie.

"Kaka, inahitajika nyingine."

"Nyingine nini?"

"Kama ile."

Kwa nyuma zilisikika sahani. "Ile mmeifanya nini?"

"Shemeji yako ameitia klorini."

Kilichofuata ni sauti ambayo mwanzoni walidhani ni ya mtu anayekabwa. Alikuwa anacheka, akiwasimulia wateja, na wateja nao wakicheka. Kisha akarudi kwenye simu. "Dada, mimi si bomba la manispaa. Nimeshatoa. Ghala limefungwa."

"Kaka." Hapo sauti ya mwalimu wa chekechea ilipotea, ikabaki ya dada mdogo. "Mume wangu atakufa."

Sahani zilinyamaza. "Nakuja," alisema.

Alikuja na aproni. Amekunywa kahawa njiani, amekula mapapai mawili, na amepiga mbio hatua za mwisho akiamini mbio zinasaidia. Wauguzi walimwonyesha choo cha wafanyakazi, wakampa kopo jipya, wakafunga mlango. Kukaanza kule kusubiri ambako hakuna aliyehusika anayependa kukusimulia. Koridoni walisimama daktari wa matumbo, fundi wa maabara, wauguzi wawili, na mke akiwa ameshika mgongo wa kiti cha mumewe. Walikuwa watu wazima, baadhi wenye shahada, na wote walikuwa wanautazama mlango mmoja. Mfagiaji alipita na ndoo, akauliza nani yuko humo, akaambiwa ni mtu muhimu, akaacha kufagia akasimama nao.

"Shemeji!" ilitoka sauti ndani. "Upo hapo?"

"Nipo."

"Mkono wako uko wapi?"

Bwana afya aliitazama mikono yake yote miwili. "Nimeikalia."

"Ikalie hivyohivyo."

Muda ukapita. Daktari alitazama saa, kisha akaamua kutoitazama tena. Hatimaye komeo lililia, mlango ukafunguka, na shemeji akatokea, jasho kwenye paji la uso, kopo amelishika kwa mikono miwili, limefungwa, kwa taadhima ya mtu anayekabidhi kombe. Mfagiaji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine walijizuia, lakini kidogo.

Fundi wa maabara alilipokea na kulipitisha mbali sana na kiti cha magurudumu.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Bwana afya alichomwa sindano ya usingizi, akaamka, akaambiwa lala upande huu, sasa upande huu. Vijidudu vya mtu aliyemfungia mgahawa vilikuwa ndani yake, vingi kuliko wakazi wa mji wote aliowahi kuukagua, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kibali.

"Sasa watajuaje pa kukaa?" mke alimuuliza daktari jioni ile.

"Hawajui. Wengi watapita tu na kutoka kama walivyoingia. Wachache watashika ukuta, wakipata chakula watazaana. Aina ambazo yeye hakubakiwa nazo kabisa, hizo huwa na bahati, maana nafasi iko wazi. Aina ambazo anazo bado, hapo ni bahati nasibu. Pengine wa kaka yako watawafukuza wa kwake, pengine wa kwake watakaza, pengine watakaa pamoja. Kwa nini huyu ashike na yule asishike, bado tunatafuta."

"Yaani kama ndoa."

"Ndoa ina mshenga," alisema daktari. "Hawa tunawaacha wenyewe. Nyie wapeni maharage, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa. Mgeni hapokelewi kwa njaa. Na mzee, antibayotiki bila kuniuliza, hapana. Na ile chupa…"

"Iko kabatini," alisema bwana afya.

"Nimeifungia shuleni," alisema mkewe.

Siku zilizofuata aliishi kama mtu aliyepangisha chumba kwa wageni asiowajua: anasikiliza. Kila ngurumo ya tumbo ilimfanya asimamishe kijiko hewani. Je, wanashika? Wanaondoka? Wanagombana? Alikula maharage kwa nidhamu ya askari. Mkewe alimkuta mara moja akiongea peke yake, na alipouliza, alijibu kwamba alikuwa anawakaribisha. Safari za chooni zilipungua, lakini hakuthubutu kusema, kwa sababu mara tatu zilizopita zilipungua vilevile, akasema, zikarudi.

Kilichomtoa mkewe usingizini asubuhi moja hakikuwa kelele. Ilikuwa ni kutokuwapo kwa kelele. Kwa miezi alikuwa amezoea kulala katikati ya mlango unaofunguka, maji yanayomwagika, nyayo zinazoburutwa. Mwili wake ulikuwa umejifunza kulala humo kama watu wanavyolala karibu na reli. Jua lilikuwa limeingia dirishani na nyumba ilikuwa kimya. Alimgeukia mumewe. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, hatikisiki.

"Mume wangu!" alipiga kelele, akamtikisa kwa mikono miwili. "Baba watoto! Jamani!"

Bwana afya alikurupuka, macho yametoka. "Nini? Moto?"

"Uko hai!"

"Nilikuwa hai hadi uliponiamsha!"

Wakatazamana. Ndipo naye akatambua. Aliangalia dirisha, akaangalia mlango wa bafuni, akaangalia dirisha tena. "Nimelala," alisema. "Sijaamka. Usiku kucha sijaamka." Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda akaanza kulia kwa namna ya mtu anayetua mzigo ambao alikuwa amesahau kwamba ameubeba, na mumewe alimpigapiga mgongoni akisema, "Basi, basi, nitalala tena kesho." Akalala tena kesho. Na keshokutwa.

Vipimo vya mwisho vilipotoka daktari aliwaita wote watatu, mume, mke na shemeji, akachora bomba lake lenye kona. Maabara ilikuwa imelinganisha vijidudu vya mtoaji na vya mpokeaji, ukoo kwa ukoo. Mhuni haonekani. Sehemu kubwa ya wakazi wapya wanafanana na wa shemeji kiasi cha kutokuwa na ubishi wa nasaba. Baadhi ya koo za zamani za bwana afya zimefufuka zilikojificha. Na kuna aina moja, daktari alionyesha kwa kalamu, ambayo kila mmoja wao alikuwa na ya kwake, na sasa zote mbili zimo humo, za shemeji na za bwana afya, hakuna iliyomfukuza mwenzake.

"Tulidhani hiyo itakuwa vita," alisema.

"Zinakaa pamoja?" aliuliza mke.

"Kwa raha kabisa."

"Basi zimewashinda wenyewe," alisema mke.

Shemeji alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani, uso wa mwenye shamba aliyeonyeshwa mavuno. "Kwa hiyo, daktari, kwa lugha nyepesi, humu ndani sasa ni kwangu."

"Wewe ni mpangaji," alisema bwana afya.

"Mpangaji gani amejaza nyumba hadi mwenye nyumba anaishi chumba cha uani?"

"Mpangaji aliyeingia kwa mpira."

Daktari aliwaomba watoke, kuna wagonjwa nje.

Deni la meza ya dirishani lililipwa Jumamosi. Bwana afya aliingia mgahawani na suruali yenye mkunjo, mkanda umerudi kwenye matundu ya zamani. Wateja walikaa sawasawa. Aliketi mbele, dirishani, watu wa nje wakasimama. Shemeji alimletea sahani imefurika, akasimama na taulo begani. Bwana afya alishika kijiko, akakitazama mbele na nyuma, kwenye mwanga, kwa mazoea, shemeji akakohoa, akala. Alikula hadi mwisho. Kisha, bila kuangaliana na mtu, alisogeza sahani mbele kidogo.

"Ongeza," alisema.

Ile fremu bado iko juu ya kaunta. Bwana afya aliomba ishushwe, akaambiwa maandishi ni ya kwake ila kioo si cha kwake.

Mwaka ulipokwisha, halmashauri ilikutana kupitia upya sheria zake ndogo. Ilikuwa siku ya joto, chai na maji vilizunguka, na mkutano ukawa mrefu kama mikutano ilivyo. Kifungu cha kumi na saba kilisomwa kwa sauti na mwandishi wake, kuanzia adui wa afya ya umma hadi hatua kali bila kujali cheo. Hakuna aliyependekeza marekebisho. Madiwani walikipitisha kwa kauli moja, wale waliokuwamo ukumbini. Wengine walikuwa wametoka kidogo, mmoja mmoja, kuelekea chooni, kule nyuma kusiko na mlango, na walirudi, na wengine wakatoka.

Bwana afya alikaa mkutano mzima bila kunyanyuka.